Mwongozo Kamili: Juan de Pareja Ukutani Mwako, Kuanzia Faili la Makumbusho Hadi Skrubu ya Mwisho

Picha ya Juan de Pareja, iliyochorwa na Diego Velázquez mwaka 1650, leo haina mwenye hakimiliki. Picha asilia iko Makumbusho ya Metropolitan, New York, lakini faili lake unaweza kulipakua bure, ukalichapisha, ukamkabidhi fundi wa fremu na kuitundika nakala sebuleni bila kumwomba mtu ruhusa. Kazi iliyobaki ni kuitendea haki. Nyumba nyingi picha kama hizi huharibiwa na haraka: huvutwa zijae fremu iliyokwisha kununuliwa, huchapishwa kwenye bango la plastiki, kisha hupachikwa karibu na dari ambako hakuna anayezitazama.

Nitafuata picha hii moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu vipimo vyake navijua na kwa sababu ni picha nzuri ya kuanzia. Ina rangi chache, mandharinyuma tupu ya kijivu kinachoelekea kijani, na ukubwa wa wastani. Ukiweza kuichapisha hii vizuri, utaweza nyingine yoyote.

Huyu ni nani

Wageni watauliza, kwa hiyo uwe na jibu. Juan de Pareja alikuwa Mhispania mwenye asili ya Kiafrika, mtumwa wa Velázquez aliyefanya kazi katika karakana yake ya uchoraji. Velázquez, mchoraji wa Mfalme Felipe IV wa Hispania, alikwenda Roma pamoja na Pareja, na huko akamchora. Tarehe 19 Machi 1650 picha ilionyeshwa hadharani kwenye Pantheon, kanisa la kale la mjini humo. Antonio Palomino, aliyechapisha habari za wachoraji wa Hispania mwaka 1724, anasimulia kwamba Pareja mwenyewe alitumwa kuipeleka kwa marafiki wa Velázquez, nao wakabaki wakitazama mara picha, mara mtu, wasijue waseme na nani na nani atawajibu.

Novemba mwaka huohuo Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, kwa sharti la kuendelea kutumika miaka minne zaidi. Baadaye Pareja akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Picha yake kubwa ya Wito wa Mathayo Mtakatifu, ya mwaka 1661, iko Makumbusho ya Prado mjini Madrid, na ndani yake amejichora mwenyewe. Picha hii ya Velázquez iliuzwa mnadani London mwaka 1970 kwa pauni zaidi ya milioni 2, ikaingia Metropolitan mwaka 1971.

Mtu aliyekuwa mali ya mwenzake anakutazama machoni kama bwana wa nyumba. Ndiyo maana sitaki ichapishwe ovyo.

Iwapo nyumbani kwenu hamtundiki sura za watu, hatua zote zilizo hapa chini zinafaa vilevile kwa maua, miti na mandhari. Mlozi Unaochanua wa Vincent van Gogh, wa mwaka 1890, ni chaguo zuri sana: matawi meupe juu ya buluu, sentimita 73.3 kwa 92.4. Na nyumba ambayo watu husali sebuleni, picha ya mtu isikae upande wa kibla hata kama wenyewe hawana neno na sura ukutani.

Hatua ya 1: Chagua ukuta kabla ya kitu kingine chochote

Hii ni picha ya wima. Picha ya wima hupenda ukuta mwembamba: nafasi kati ya madirisha mawili, mwisho wa korido, juu ya meza ndogo, au upande wa meza ya chakula. Juu ya kochi la watu watatu lenye urefu wa mita mbili itaonekana imepotea, nawe utashawishika kuizungushia saa, kalenda na maua ya plastiki ili kujaza. Iache iwe peke yake, na angalau sentimita 30 za ukuta mtupu kila upande. Ukuta wa televisheni usiufikirie kabisa.

Ukishapata ukuta unaoupenda, upime kwa mambo matatu.

La kwanza ni jua. Nchi zetu ziko karibu na ikweta, na jua la asubuhi na la jioni huingia chini chini kupitia madirisha ya mashariki na magharibi hadi ndani kabisa ya chumba. Utazame ukuta wako saa moja na nusu asubuhi, kisha saa kumi na moja jioni. Ukiona miali inaugusa moja kwa moja, hata kwa muda mfupi, tafuta mwingine. Hakuna wino wa dukani utakaovumilia jua la kila siku kwa miaka, na pazia si dawa kwa sababu kuna siku litasahaulika wazi.

La pili ni unyevu. Ukuta wenye bafu upande wa pili, ukuta wa nje unaopigwa na mvua, ukuta ulio chini ya kiyoyozi kinachovuja, na lipu mpya ambayo haijakauka vizuri, zote ni hatari. Kipimo chake ni rahisi. Chukua kipande cha nailoni angavu chenye sentimita 30 kila upande, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, ukuta una maji ndani, na picha itaota ukungu kwa nyuma kabla hujajua.

La tatu ni mwako wa kioo. Mwambie mtu ashike kioo cha kujitazamia mahali hasa picha itakapokaa, wewe ukae kwenye kiti chako cha kawaida. Ukiona dirisha au taa ndani ya kioo hicho, ndicho utakachokiona juu ya uso wa Pareja kila siku. Sogeza mahali hapo kulia au kushoto hadi mwako uondoke. Mara nyingi nusu mita hutosha.

Hatua ya 2: Pata faili lenyewe, si picha ya picha

Nenda kwenye tovuti ya Makumbusho ya Metropolitan, utafute kwa namba ya kumbukumbu 1971.86. Namba hiyo ni bora kuliko jina, maana jina litakuletea vitu vingi vinavyohusiana. Karibu na picha utaona alama ya OA pamoja na maneno Public Domain, na kishale cha kupakua. Tangu Februari 2017 makumbusho hayo yameruhusu mtu yeyote kutumia picha za kazi zenye alama hiyo kwa matumizi yoyote, bila malipo. Kuhusu sheria, Velázquez alifariki mwaka 1660. Hakimiliki nchini Tanzania na Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo cha msanii, kwa hiyo hapo hakuna mjadala. Mjadala upo kwa wachoraji walio hai na waliofariki karibuni. Picha zao zinunue kwao au kwa familia zao.

Usichukue nakala inayozunguka mtandaoni. Picha hii ilisafishwa ilipoingia makumbusho hayo, na vanishi ya zamani yenye umanjano ikaondolewa. Nakala nyingi zinazozagaa bado zina umanjano huo, nyingine zimekatwa kingo, nyingine zimetiwa wekundu ili zivutie kwenye simu. Picha iliyopigwa kutoka kwenye skrini ya simu usiifikirie hata kidogo.

Fungua taarifa za faili usome idadi ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha, kwa urefu na upana. Ziandike. Utazihitaji katika hatua inayofuata.

Na onyo moja kuhusu programu zinazodai kukuza picha ndogo kwa akili bandia. Hazikuzi, zinabuni. Zitalainisha uso, zitaweka vinyweleo ambavyo Velázquez hakuvichora, na ile kola ya lesi, ambayo yeye aliipaka kwa mipigo michache ya haraka, zitaigeuza kitambaa cha mashine. Faili likiwa dogo, chapisha picha ndogo.

Hatua ya 3: Amua ukubwa

Hapa ndipo kila kitu kingine kinapoamuliwa, kwa hiyo usikimbilie mbele.

Picha asilia ina urefu wa sentimita 81.3 na upana wa 69.9. Mtu aliyemo ana ukubwa unaokaribia wa mtu halisi, na nguvu ya picha inatoka hapo: unapoikaribia unahisi mtu amesimama mbele yako. Ukiipunguza mpaka nusu, sentimita 40.7 kwa 35, itabaki nzuri lakini mtu anakuwa picha ya mtu. Mimi napendekeza robo tatu: urefu sentimita 61, upana 52.4. Bado ana uzito wa mtu, anatosha kwenye roli ya karatasi yenye upana wa sentimita 61 ambayo mashine nyingi za kuchapisha picha huitumia, na kioo chake hakimsumbui fundi.

Sasa linganisha na pikseli zako. Picha inayotazamwa ukutani kutoka mita moja na zaidi huhitaji nukta 150 kwa kila inchi. Ukipata 200 au 300 ni bora zaidi, lakini 150 haitakuaibisha. Gawanya sentimita kwa 2.54 upate inchi, kisha zidisha kwa 150. Kwa urefu wa sentimita 61, ambazo ni inchi 24, unahitaji pikseli 3,600. Kwa ukubwa kamili wa sentimita 81.3 unahitaji 4,800. Kwa nusu, 2,400 tu. Urefu wa faili lako ndio utakaokuambia uishie wapi.

Jihadhari na mtego wa karatasi za A. Karatasi za A1, A2, A3 na nyinginezo zote zina uwiano mmoja, ambao ni mrefu na mwembamba kuliko picha hii. Ukimwambia mchapishaji "nitolee A1" bila maelezo, atafanya moja kati ya mawili: ataivuta hadi Pareja awe na uso mrefu ambao hakuwa nao, au atakata pembeni na kupoteza bega. Vyote viwili vinaharibu. Kwenye A1, yenye sentimita 59.4 kwa 84.1, picha hii ikiachiwa pambizo ya sentimita 3 kila upande itakuwa na upana wa 53.4 na urefu wa karibu 62, halafu zitabaki sentimita 22 za karatasi nyeupe kwa urefu. Ziache, uzikate baadaye. Karatasi tupu haigharimu kitu ukilinganisha na picha iliyopotoshwa.

Ndiyo maana pia fremu hainunuliwi kwanza. Fremu zilizo tayari madukani hufuata vipimo vya karatasi, si vya Velázquez.

Ukichagua picha nyingine, tafuta vipimo vya asilia kwanza, maana vinashangaza. Wimbi Kubwa la Hokusai, ambalo watu hulichapisha likafunika ukuta mzima, kwa asili ni chapa ya mbao yenye sentimita 25.7 kwa 37.9 tu, linaingia kwenye karatasi ya A3 kwa ukubwa wake halisi na pambizo ya sentimita 2 kila upande, na kwa ukubwa huo ndipo mistari yake inapokaa sawasawa. Kwa upande mwingine, Lindo la Usiku la Rembrandt lina sentimita 379.5 kwa 453.5. Kwenye A2 nyuso za watu wake zinakuwa kama kucha. Picha kama hiyo ni heri uchapishe sehemu moja, mtu mmoja au wawili, na useme wazi kwamba ni sehemu.

Hatua ya 4: Kuchapisha

Tafuta mahali wanapochapisha picha za wapiga picha au za wasanii kwa mashine ya wino. Duka la mabango lina mashine kubwa na bei nafuu, lakini bango la plastiki na stika hung'aa kama mvua na huwa na harufu ya kemikali inayokaa chumbani muda mrefu. Uliza maswali mawili kabla ya bei: wanatumia wino wa chembe (pigment) au wa kuyeyuka (dye), na wana karatasi gani isiyong'aa. Wino wa chembe hustahimili mwanga na unyevu kwa muda mrefu zaidi. Karatasi iwe nzito, gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, na ya pamba kama ipo.

Je, kanvasi? Inategemea unaishi wapi. Nairobi, Arusha, Mbeya au Kigali, kanvasi isiyo na kioo ni nzuri: haina mwako na inafanana zaidi na picha ya rangi ya mafuta. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hewa yenye unyevu na chumvi huilegeza, vumbi hunasa kwenye nyuzi zake, na ukungu ukiingia hautoki. Pwani ningechagua karatasi nyuma ya kioo bila kusita. Ukichukua kanvasi, ongeza sentimita 5 za ziada kila upande za kukunjia kwenye mbao. Picha yenyewe isikunjwe pembeni. Kwa ukubwa wetu hiyo inafanya upana wa sentimita 62.4, kwa hiyo roli ya 61 haitoshi. Omba ya 91.

Faili lipeleke kwenye flashi. Ukilazimika kulituma kwa WhatsApp, litume kama hati, kwa sababu likitumwa kama picha litabanwa na pikseli zako zote ulizozihesabu zitapotea njiani.

Kisha mpe mchapishaji maelekezo haya, kwa maandishi: urefu wa picha yenyewe uwe sentimita 61, uwiano usiguswe, pambizo nyeupe zibaki, na marekebisho yote ya moja kwa moja yazimwe. Hili la mwisho lisisitize. Mashine na vijana wengi wa studio wamezoea kuangaza nyuso na kukoleza rangi ili mteja afurahi. Uso mweusi unapoangazwa hivyo hupauka na kuwa wa majivu, na picha hii yote imejengwa juu ya rangi ya ngozi ya Pareja: hudhurungi yenye joto katikati ya kijivu, na kola nyeupe chini yake. Ukiibadilisha ngozi umeivunja picha nzima.

Lipia kipande cha majaribio. Kata sehemu yenye uso na kola, ichapishwe kwa ukubwa uleule itakaokuwa nao, kwenye karatasi ileile, sentimita 15 kwa 20 hivi. Ipeleke nyumbani, ibandike kwenye ukuta uliouchagua, uitazame mchana na usiku. Kola iwe nyeupe tulivu, isiwe ya buluu. Mandharinyuma iwe kijivu cha kijani, isiwe kahawia. Mashavu na paji la uso yawe na mng'ao wake, na giza la joho lisiwe doa moja jeusi, mikunjo ionekane. Simu hutoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi, kwa hiyo nakala ya kwanza huonekana nyeusi kidogo kuliko ulivyotarajia. Ikiwa nyeusi mno, omba mwanga uongezwe kidogo kwa picha nzima, kamwe si kwa uso peke yake, kisha jaribu tena.

Nakala kamili ikitoka, iache wazi mahali safi kwa siku nzima kabla ya kufungiwa. Wino mbichi hutoa mvuke, na ukiufungia nyuma ya kioo utaacha utando mweupe kwa ndani. Kama ni lazima uisafirishe, izungushe pamoja na karatasi safi kwenye bomba pana.

Hatua ya 5: Fremu

Tenga fedha zako hapa. Fremu na kioo kwa kawaida hugharimu kuliko uchapishaji, na ndivyo inavyopasa.

Picha za Hispania za karne ile hukaa vizuri ndani ya mbao nyeusi au za hudhurungi iliyokolea. Mninga uliopakwa mafuta unafaa sana, na mvule uliokolezwa rangi pia. Upana wa mbao uwe sentimita 5 hadi 7. Epuka plastiki ya dhahabu yenye maua. Itagombana na utulivu wa picha. Ukitumia msonobari, hakikisha umetiwa dawa ya mchwa, kisha upakwe rangi nyeusi isiyong'aa.

Mafundi wengi watataka kuweka kadi pana yenye dirisha katikati kuzunguka picha. Kwa chapa kama ya Hokusai nakubali, na pambizo ya sentimita 6 ya rangi ya malai inapendeza. Kwa nakala ya picha ya mafuta napenda mbao zianze pale picha inapoishia, kama ilivyo kwenye makumbusho. Lakini kadi ile ina kazi nyingine: inatenganisha karatasi na kioo. Karatasi ikigusa kioo pwani, unyevu utazigandisha pamoja na siku ukizitenganisha wino utabaki kwenye kioo. Kwa hiyo, bila kadi, mwambie fundi aweke vipande vyembamba vya mbao, milimita 3 hadi 5, kati ya kioo na karatasi, vikijificha chini ya mdomo wa fremu. Mchoree kabisa kwenye karatasi, kwa sababu hili si jambo ambalo kila fundi amezoea.

Mpangilio wake kutoka mbele ni huu: fremu, kioo cha milimita 2, vipande vya mbao, picha, kadi safi isiyo na asidi, kisha plaiwudi ya milimita 3. Kadi ile ya katikati isiachwe, kwani plaiwudi na hadibodi zina asidi inayoleta madoa ya njano kwenye karatasi baada ya miaka.

Picha ishikwe kwenye kadi kwa vipande viwili tu vya tepu ya karatasi, vyote kwenye ukingo wa juu. Isigundishwe yote. Karatasi hutanuka msimu wa masika na kusinyaa kiangazi, na iliyogundishwa kote haina pa kwenda ila kuvimba mapovu. Selotepu nayo isiguse picha hata kidogo. Gundi yake hugeuka njano na kupenya mbele.

Nyuma, ziba mwanya kati ya plaiwudi na fremu kwa tepu ya karatasi pande zote, vumbi na wadudu wasiingie. Kwenye pembe mbili za chini bandika vipande vya mpira vya unene wa sentimita moja. Soli ya kandambili kuukuu inafaa kabisa. Vitaiacha hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Pete mbili za chuma zifungwe pembeni, theluthi moja kutoka juu, na waya upite kati yake.

Kabla hujaondoka kwa fundi, andika nyuma kwa penseli: Diego Velázquez, Juan de Pareja, 1650, Makumbusho ya Metropolitan, New York. Nakala iliyochapishwa. Na mwaka uliochapisha.

Hatua ya 6: Kutundika

Kwa fremu yenye mbao za sentimita 5, kipimo cha nje kitakuwa takriban sentimita 62.4 kwa 71, na uzito wote karibu kilo 4. Si mzigo mkubwa, lakini si wa msumari mmoja uliopigwa kwa jiwe.

Katikati ya picha ikae sentimita 150 kutoka sakafuni kwenye korido au mahali watu wanaposimama. Sebuleni, ambako watu wameketi, shusha hadi 140. Utaiona iko chini mno siku ya kwanza kwa sababu tumezoea picha za juu, ivumilie. Macho ya Pareja yako juu ya katikati ya picha, na hapo yatakutana na ya anayemtazama.

Hesabu ya tundu ni hii. Nusu ya urefu wa fremu ni 35.5. Vuta waya juu kama unavyotundika, upime kutoka kilele cha waya hadi ukingo wa juu wa fremu. Tuseme ni 10. Basi skrubu iwe 150 kujumlisha 35.5 kutoa 10, yaani sentimita 175.5 kutoka sakafuni. Tumia skrubu mbili zilizoachana sentimita 20, zilizosawazishwa kwa pimamaji, na picha haitapinda kila mlango unapofungwa kwa nguvu. Kwa kuwa waya juu ya skrubu mbili hukaa bapa, pima ile 10 ukiwa umeuvuta kwa vidole viwili vilivyoachana vivyo hivyo.

Usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi. Nyaya za umeme hupita hapo.

Ukuta wa tofali za simenti unataka drili, biti ya milimita 6, plagi ya plastiki na skrubu ya milimita 40. Misumari ya zege inashika, lakini mara nyingi hubomoa lipu pembeni. Ukuta wa jipsamu unahitaji plagi zake maalumu zinazofunguka kwa ndani. Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa ni habari nyingine: chokaa yake ni laini, inatoa chumvi, na mitetemo ya drili ya nyundo inaweza kudondosha bamba zima. Zima nyundo ya drili, toboa taratibu, tumia skrubu ndefu zaidi, na ile nafasi ya sentimita moja nyuma ya fremu isikosekane kamwe. Ikiwa nyumba ina zidaka, fikiria kuchapisha picha ndogo na kuisimamisha ndani ya kidaka kimoja bila kutoboa kitu.

Hatua ya 7: Mwanga na rangi ya ukuta

Bomba la mwanga mweupe wa barafu litaua kijivu cha Velázquez na kukifanya buluu. Badilisha taa ya chumba hicho kwa LED ya mwanga wa joto, kati ya 2700 na 3000 kwenye kipimo cha kelvin, namba ambayo imeandikwa kwenye boksi. Ukitafuta taa ya kuielekezea picha, iwe darini mbele yake, ikiangaza kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, ili mwako uanguke sakafuni na si machoni mwako.

Kwa picha ambayo mwanga wake una upande ulio wazi, fuata upande huo. Mmimina Maziwa wa Vermeer ana dirisha upande wa kushoto wa picha. Mtundike ukuta ambao dirisha la chumba chako liko kushoto vilevile, na chumba na picha vitakuwa na mwanga mmoja.

Rangi ya malai, ambayo nyumba nyingi tayari inayo, haina ubaya. Ukiwa na nafasi ya kupaka upya, chagua kijivu au kijani cha mzeituni kisichong'aa, kwa ukuta huo mmoja tu.

Picha nyingine za kufikiria

Ukimpenda Pareja, mtafute Dom Miguel de Castro, mjumbe kutoka ufalme wa Kongo aliyechorwa alipokuwa Uholanzi karibu mwaka 1643, akiwa na kofia yenye unyoya mwekundu. Picha yake iko makumbusho ya taifa ya sanaa ya Denmark, SMK, Copenhagen, pamoja na za wahudumu wake wawili, na makumbusho hayo nayo hutoa mafaili bure. Kwa watu wa pwani kuna Ahmad bin Naaman, aliyetumwa na Seyyid Said kutoka Unguja na kufika New York kwa merikebu ya Sultana mwaka 1840. Edward Mooney alimchora hukohuko, na picha hiyo iko Peabody Essex Museum, Salem. Hesabu pikseli kabla ya kuamua ukubwa, kama tulivyofanya hapo juu.

Utunzaji

Futa fremu kwa kitambaa kikavu. Kioo kipanguse kwa kitambaa kilichonyunyiziwa dawa ya kusafishia vioo; ukinyunyizia kioo chenyewe, maji hutiririka chini ya mdomo wa fremu na kuloweka picha. Kila masika yakiisha, iteremshe na utazame nyuma: tepu bado imeshika, mchwa hajaacha vijia vya udongo, hakuna harufu ya uvundo. Ukiona madoa ya ukungu, ifungue siku hiyohiyo, kausha plaiwudi juani bila picha, badilisha kadi, na usiirudishe ukutani hadi ukuta wenyewe upite tena kipimo cha nailoni.

Faili lile la makumbusho lihifadhi mahali pawili, pamoja na karatasi yenye jina la karatasi uliyotumia, ukubwa, na kiasi cha mwanga ulichoongeza. Siku wino ukipauka utarudi kwa mchapishaji na maelezo hayo, fremu ileile ikingojea nyumbani.